Sura ya Mwisho Iliyotakiwa Sosiot

Niliondoka nyumbani Kipkelion kwa sababu ya sifa. Jumapili moja, nje ya kanisa, mgeni kutoka Sosiot alinishika mkono akasema kwao kitabu changu kinasomwa na kila mtu. Sosiot nilikuwa nimeuza nakala tatu. Nyingine, zilizochapwa kwa akiba yangu ya ukarani wa reli, zilikuwa kwenye katoni chini ya kitanda.

Nilimwambia mke wangu, Rael, kwamba nikirudi kutoka Sosiot na begi la nakala lingali limejaa, mswada wa kitabu changu cha pili utawasha moto jikoni.

"Sawa," alisema, "lakini kiberiti utashika wewe."

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda pikapu ya jirani aliyekuwa akipeleka mahindi Kericho. Mashamba ya mahindi yaliisha kando ya barabara, chai ikaanza, na wachumaji walikuwa wamezama mpaka kiunoni, wamejifunga karatasi za plastiki kuzuia umande.

Kericho, saa tatu. Nikitafuta gari la Sosiot, nyuma ya soko nilipata kibanda cha kutoa fotokopi. Mwenyewe, Bwana Langat, alikuwa mtu wa makamo mwenye wino vidoleni. Juu ya meza yake nilitambua kopi iliyobaki ya sura yangu ya saba, imelala chali.

"Hii ni kazi yangu," nikasema.

"Ni wewe? Afadhali umekuja! Watu wa Sosiot wananisumbua, ati nimeficha mwisho."

"Nani alikupa ruhusa?"

"Mimi natoa kopi tu, mzee. Hata cheti cha ubatizo natoa, na mimi si padre."

Aliniambia anayeleta kazi ni mkulima mmoja, Mama Cherono. Kila siku ya soko alileta sura moja, akachukua kopi arobaini. Watu walimrudishia gharama ya kopi, basi.

Saa nane nilifika Sosiot, kwenye banda la kupimia majani ya chai. Wakulima walikuwa wakingoja lori la kiwanda. Majani yasiyopimwa siku hiyo hunyauka, kwa hiyo hakuna anayethubutu kuondoka, hata lori likichelewa mpaka jioni. Walikaa wakiondoa majani yaliyokomaa kwenye vikapu. Katikati yao mwanamke alikuwa akisoma kwa sauti. Palipokuwa pagumu alieleza kwa lugha ya Kipsigis, kisha akarudi kwenye Kiswahili. Maneno yalikuwa yangu.

Nilipojitambulisha, mzee mmoja alinitazama juu mpaka chini. "Nilifikiri mtu wa vitabu huwa mnene."

Walicheka wote. Msomaji, ambaye ndiye Mama Cherono, hakutikisika.

"Kitabu nilipewa na mwalimu wa shule," alisema. "Nilikiweka juu ya ndoo nikienda kukamua, ndama akakula mwisho. Sasa tumesoma mara mbili na hatujui nani aling'oa ua wa mpaka."

"Na mbona hamkununua?"

"Kitabu kizima mara moja? Na karo je? Sura moja kila soko, hiyo tunaweza. Wewe ndiye hukutuuliza."

Nilikuwa nimekuja na hasira ya kumkuta mwizi, nikakuta darasa.

"Soma, mzee," wakasema.

Nikisoma yote, hawatahitaji kununua. Nikikataa, nitakuwa mchoyo mbele ya watu walionisoma mara mbili. Nikafungua sura ya kumi na mbili, ya mwisho. Nilikuwa nimefika pale ndugu mdogo anapomulikwa kwa tochi akiwa na panga mkononi, honi ya lori ikalia. Wote waliinuka na vikapu vyao.

"Weka kidole hapo!" yule mzee alipiga kelele. "Usitoroke!"

Baada ya kupimiwa walirudi kwangu kwa mstari uleule wa mizani. Mama Cherono aliwasemea. "Hizo sura zingine tuko nazo. Tuuzie mwisho peke yake."

Mimi ni mtu wa utaratibu; kukata kitabu kwangu ni kama kukata nguo mpya. Lakini niliazima kisu cha mtu, nikakaa juu ya kikapu, nikakata sura ya mwisho kutoka kwenye kila nakala begini. Zote arobaini zilinunuliwa, na hazikutosha. Niliwaacha wakimzomea ndugu mkubwa, kumbe ndiye aliyemtuma mdogo.

Jioni, Kipkelion. Nilipokuwa nikimsimulia habari ya ndama, Rael aliinua begi langu. "Limejaa," alisema. Kisha akafungua kitabu kimoja, akaenda mwishoni. "Ndama tena?"

"Wasomaji," nikamjibu.

Hakuuliza habari ya kiberiti. Alitoa mswada kabatini mwenyewe, akanikabidhi.

Siku ya soko iliyofuata nilirudi kwa Bwana Langat. Nilikuwa nimejifunza kwamba wasomaji wangu walikuwa wakilipa muda wote, na mimi sikuwa nimesimama mahali wanapolipia. Nilimwekea kurasa za kwanza za mswada mezani na kuagiza kopi sitini.

Alizipekua mpaka ya chini kabisa. "Hii nayo mwisho uko wapi?"

"Bado ni sura ya kwanza," nikasema. "Waambie mwisho ninao mimi."