Pudini ya Usipa ya Wifi

Mama alipotoka hospitalini alikuwa amekonda mpaka kanga inamvuka. Nikamleta kwangu Mbinga mjini, nikampa chumba kinachopata jua la asubuhi, maana baridi ya huku haimwonei mzee huruma. Muuguzi alikuwa ameniambia apate chakula laini cha kujenga mwili: mayai, maziwa, samaki, karanga. Nyama hakuiweza, meno yalikuwa yamebaki machache.

Mimi ndiye binti yake wa pekee, na pudini naijua. Nilikoroga mayai na maziwa, nikatia ndizi mbivu iliyopondwa na sukari, nikafunika bakuli na kulipika kwa mvuke ndani ya sufuria mpaka pudini ikashikana. Mama akala vijiko viwili, akasema, "Asante mwanangu, nimeshiba," akageukia ukutani. Kesho yake hivyo hivyo. Nikapunguza sukari, nikaongeza mdalasini. Hakubadilika.

Ndipo alipokuja wifi yangu, mke wa kaka, kutoka Kihagara, na kapu la usipa, wale dagaa wetu wa Ziwa Nyasa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu! Umekuja?" Mama akajiinua mwenyewe akakaa. Kwangu alikuwa hajainuka bila kushikwa mkono.

Wifi hakupumzika. Alitwanga usipa mkavu, akachekecha, akauchanganya na boga lililochemshwa, karanga za kusaga, kitunguu, chumvi na mayai, akapika kwa mvuke katika bakuli langu lile lile. Mama alimaliza yote, akapitisha kidole kwenye kingo za bakuli. Nilisimama mlangoni nikimtazama.

"Hata mayai ni yale yale, wifi," nilimwambia jikoni.

"Yale yale, wifi. Ya kuku wako." Akacheka. Mimi sikucheka.

Siku ya kurudi kliniki, muuguzi alimpima mama uzito akafurahi. "Mnampa nini?"

"Mkwe wangu ananipikia," mama alisema, kana kwamba mimi niliyemshika mkono ni mpita njia.

Muuguzi akaeleza kwamba usipa unaliwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo unaimarisha mifupa ya mtu mzima, na boga na karanga navyo vina kazi yake mwilini. Nikadakia, "Na yangu ina maziwa na mayai!"

"Nayo ni nzuri sana. Mpeni zote mbili, sukari tu iwe kidogo."

Nilitoka pale kifua mbele kama niliyeshinda kesi.

Wiki hiyo hiyo nilimtuma wifi sokoni, nikapika pudini yake ya usipa mwenyewe, kila kitu kama alivyofanya. Mama akaonja. "Mkwe wangu yuko wapi?"

"Nimepika mimi, mama."

Akala nusu. Uvumilivu ukaniishia. "Mama, yangu ya maziwa huitaki. Nimekukosea nini?"

Akaweka kijiko chini. "Hujanikosea. Ile ndiyo niliyokuwa namlisha baba yako alipokuwa anaondoka duniani. Wewe unapika, mimi naingia nayo chumbani. Nikisikia harufu yake namwona anavyofumba mdomo."

Miezi ile nilikuwa nashinda jikoni, nikipokea bakuli na kuliosha. Yaliyokuwa yakitokea chumbani sikuyaona, na mama hakuwahi kuyasema. Nilikaa kitandani kwake, nikalia. Akanishika bega.

Mara wifi akabisha hodi uani. Uso wa mama ukachangamka, akauondoa mkono begani kwangu ili ajiweke vizuri. Machozi hayajanikauka, na wivu ukanirudia pale pale.

Kabla hajaondoka nilimwomba wifi anifundishe. Alinifundisha kwa moyo mweupe, akanionyesha jinsi ya kukaanga usipa kidogo kabla ya kuutwanga ili harufu itulie. Nikamsindikiza stendi. Tulikumbatiana, na basi lilipoelekea ziwani nilipumua.

Sasa mama anatembea mpaka kwenye mibuni nyuma ya nyumba. Pudini ya maziwa nawapikia wanangu, na mama nampikia ya usipa, naye anaimaliza. Halafu huuliza, "Mkwe wangu atakuja lini?"

"Karibuni, mama," namjibu.

Wifi hupiga simu karibu kila jioni. Huwa naiacha iite kwanza, ndipo nampelekea mama.