Kilio cha Kifaranga Wangu

Nafuga kanga hapa Subukia, na nina kibali. Nimekitundika sebuleni, mahali ambapo wengine hutundika picha ya harusi. Kinaniruhusu kufuga hawa waliototolewa bandani mwangu. Kanga wa porini haruhusiwi kuwindwa na mtu yeyote, hata akikufukulia mahindi uliyopanda jana.

Mvua zilipoanza, mdogo wangu wa kiume alikuja kunitembelea. Akaniomba nimshikie kifaranga mmoja mbali na wenzake ili amrekodi akilia, eti watoto wake huko Nakuru hawajawahi kusikia sauti hiyo. Nikamshika. Alipopiga kelele, mama yake alikuja mbio akanidonoa viatu, nami nikacheka mpaka machozi.

Wiki mbili baadaye nilikuwa natafuta ndama upande wa juu wa shamba la kahawa niliposikia kifaranga akilia kichakani. Nikadhani wangu ametoroka, nikaingia. Nilikuta spika ndogo imefungwa kwenye tawi, na kuizunguka, mitego ya waya za breki za baiskeli. Kanga watatu walikuwa wamenaswa. Mmoja mguu wake ulikuwa umeshikiliwa na ngozi tu, na bado alijikokota kuelekea kwenye spika. Vifaranga wake wa kweli walikuwa nyuma yake nyasini, wakimtazama.

Niliizima spika bila kusubiri imalize, nikawakatia waya kanga wote watatu, kisha nikatapika. Nimechinja kuku tangu utotoni, siogopi damu. Lakini kumwita mama kwa kilio cha mtoto ili umkate mguu, huo ni uchafu ambao sabuni yake haijatengenezwa.

Nilimpigia simu mdogo wangu papo hapo. Hakukana hata kidogo. Alinieleza kama mtu anayepanga harambee: hoteli za barabarani zinawataka sana, naye angewapitisha kwanza bandani kwangu wachanganyike na wangu, na nani angejua? Nilipomwambia nitamshtaki, akanionya:

“Sister, ukiita hao watu wa wanyamapori, hata permit yako itaenda. Hiyo sauti ilitoka kwako.”

Tumenyonya ziwa moja mimi na huyu mtu. Kinyaa kilichonishika siku ile sijakimaliza mpaka leo. Nikakata simu, nikampigia afisa wa wanyamapori.

Alifika jioni hiyo hiyo. Nilimtajia jina la ndugu yangu, nikamkabidhi waya na spika. Akaketi sebuleni kwangu, akaiwasha, akasikiliza kwa makini. Kifaranga akalia, akalia. Mdogo wangu hakujisumbua hata kukata mwisho wa rekodi: mwanamke akaangua kicheko kirefu cha raha.

Afisa akairudisha nyuma, akasikiliza tena.

“Mathe, huyu anacheka ni nani?”

“Ni mimi,” nikasema, nikainuka kukitungua kibali kabla hajakiomba.