Bi Hafidha na Matumbo ya Perege

Pale Fukayosi, mtu akiwa na harusi au hitima, kwanza huulizia kama Bi Hafidha yupo. Ni mwanamke mfupi, mwenye mikono minene na sauti ya kufika mbali, na masufuria yake yamezunguka vijiji vyote hadi Kiwangwa. Lakini upishi ni kazi ya msimu. Ramadhani ikiingia harusi husimama, na mvua za masika zikikolea hakuna anayeoa. Kinachomlisha mwaka mzima ni mabwawa mawili ya perege yaliyo bondeni, nyuma ya mihogo.

Mabwawa hayo aliyachimba marehemu mumewe, Shuaibu, katika shamba alilorithi pamoja na dada yake, Wahida. Shuaibu alipofariki, watu walitazamia kuona mjane na wifi wakigombea udongo. Haikuwa hivyo. Wahida alikuwa amesharudi nyumbani baada ya talaka, hana mtoto, na Hafidha alikuwa na watoto walioshaolewa na kwenda zao. Wakagawana kazi: Wahida akalisha asubuhi, Hafidha jioni, na siku ya kuvua wakaingia majini wote wawili, kanga zimefungwa viunoni. Samaki wao aliwachukua Najim, mchuuzi wa Bagamoyo mwenye pikipiki na boksi la barafu, akawapelekea wakaangaji wa sokoni.

Miaka yote perege walikula vilevile: pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na dagaa waliosagwa. Mwaka juzi dagaa wakaadimika, na hao waliopatikana walikuwa nusu mchanga. Mdogo wake Hafidha, anayelima Handeni, akamletea magunia ya soya. Hafidha alishasikia kwamba soya hujenga mwili kama dagaa, akaona Mungu kamfungulia mlango. Akaipeleka mashineni, ikasagwa mbichi.

"Wifi, hii haichemshwi kwanza?" Wahida aliuliza alipouona unga.

"Umeona wapi samaki akapikiwa?" Hafidha akacheka. "Mie nawapikia watu, nao wananitosha."

Basi dagaa wakakoma leo, soya ikaanza kesho. Perege wakaila kwa pupa na wawili hao wakafurahi.

Mambo yalianza kuharibika taratibu. Kwanza samaki waliacha kukimbilia chakula. Unga ulielea hadi ukazama. Kisha kinyesi chao, ambacho zamani hakuna aliyekiona, kikawa kinawaning'inia nyuma kama nyuzi nyeupe. Wengine wakavimba matumbo, wengine wakakonda hadi vichwa vikaonekana vikubwa kuliko miili. Asubuhi moja Wahida akakuta maiti kandokando ya maji. Asubuhi iliyofuata akakuta wengine zaidi.

"Hiki ni kijicho," alisema. "Watu wametuona tunakula na kunywa."

Akafukiza ubani ukingoni, akamwita maalimu akasoma dua. Hafidha hakumzuia, maana dua haijapata kumdhuru mtu. Ila samaki waliendelea kufa.

Najim ndiye aliyeleta ugomvi, ingawa hakukusudia. Alikuja siku yake ya kawaida, akachungulia maji, akatikisa kichwa.

"Nipeni wote leo, kabla hawajaisha," alisema. "Wakishatiwa ndimu na kukaangwa, nani atajua?"

"Mimi nitajua," Hafidha alimjibu. "Najim, mimi nalisha kijiji kizima kwa mkono wangu. Nikiuza samaki nisiyeweza kumla mwenyewe, kesho nani ataniita jikoni kwake?"

Wahida akaingilia. Kwake yeye, kumwacha samaki afe majini ilikuwa ni kukufuru riziki. "Basi achukue wa bwawa la chini," alisema. "Wale wana nafuu. Nimeshawatia dawa."

Hafidha akamgeukia. "Dawa gani?"

Wahida akaeleza. Alikuwa amekwenda duka la dawa za mifugo, akanunua unga wa kutibu kuku wanaoharisha, akauchanganya na chakula cha bwawa la chini siku kadhaa mfululizo. Mwanzoni samaki walichangamka kidogo, na hilo likampa moyo.

"Na mimi nilikuwa nimelala?" Hafidha akasema. "Ulingoja nife ndipo uniambie?"

"Ulinisikiliza lini, wifi? Niliuliza kuhusu kuchemsha ukanicheka."

Najim akawasha pikipiki yake akaondoka na boksi tupu. Tangu siku hiyo wanawake wale wakawa wanasalimiana tu, basi. Mmoja akilisha, mwingine yuko mbali anapalilia mihogo ambayo haina magugu ya kupalilia. Ndani ya kipindi hicho nafuu ya bwawa la chini ikageuka. Samaki wake wakaanza kufa kwa wingi kuliko wa juu.

Hafidha akampigia simu bwana samaki, yule afisa uvuvi wa wilaya. Yule bwana akaja, akaangalia maji, akapima hewa yake na uchachu wake, akasema maji hayana neno. "Tatizo liko ndani ya samaki," alisema, "na hapo nina mtu wa kukuletea."

Mtu mwenyewe alikuwa msichana mwembamba, hijabu kaichomekea shingoni na mabuti ya mpira yamemfika magotini. Alikuwa akisomea ufugaji wa samaki chuo kikuu, na utafiti wake ulikuwa juu ya matumbo ya samaki wa kufugwa.

"Shikamoo, Bi Hafidha."

"Marahaba, mwanangu, karibu. Sura yako naijua. Wewe si binti Bader, wa duka la vitambaa Bagamoyo?"

"Ndiye mimi. Naitwa Zeyana."

"Na Bader anakuacha ukanyage matope?"

"Kachoka kunikataza," Zeyana akajibu, naye Hafidha akampenda papo hapo.

Zeyana aliomba ubao na samaki kutoka kila bwawa. Akawapasua taratibu, akauvuta utumbo wa perege wa kwanza. Ukatoka, ukatoka, kama kamba ya kisimani, mrefu kuliko samaki mwenyewe mara kadhaa. Hafidha amepasua samaki maisha yake yote, lakini utumbo kwake ulikuwa kitu cha kutupia paka. Hakuwa amewahi kuunyoosha.

"Perege ana utumbo mrefu kwa sababu hula majani na pumba, vitu vigumu kusagika," Zeyana alisema. "Hawezi peke yake. Humo ndani mna bakteria, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, maelfu kwa maelfu. Wengine humsaidia kukivunja chakula, wengine hukaa kwenye kuta za utumbo wakiwazuia wabaya wasipate nafasi. Na wao pia wanakula anachokula yeye. Ukibadilisha chakula, unabadilisha nani ashibe na nani afe njaa humo ndani."

Akawaonyesha ukuta wa utumbo: mwembamba, mwekundu, umejaa maji ya manjano. Akauliza walikuwa wakiwalisha nini. Hafidha akaeleza, naye Wahida, aliyekuwa amesogea bila kuitwa, akasimama nyuma yake.

"Soya ilikuwa imekaangwa? Imechemshwa?"

"Mbichi."

"Soya mbichi ina vitu vinavyouchubua utumbo na kuzuia chakula kisisagike. Chakula kinabaki humo na kuoza, na wadudu wabaya ndio wanaopenda uozo. Tena mlibadilisha ghafla, wale wazuri hawakupata muda wa kuzoea. Soya si mbaya, Bi Hafidha. Wapikie tu."

Hafidha akajishika kiuno. Kisha akacheka kicheko chake kilekile cha kufika mbali, ingawa machozi yalimlengalenga. "Ya Rabi. Mimi, mpishi!"

"Na ile dawa?" Wahida aliuliza kwa sauti ndogo.

Zeyana hakumkaripia. Alimwambia kwamba dawa ile haichagui. Huua wabaya na wazuri pamoja, na wanaowahi kurudi kwenye nyumba tupu si lazima wawe wema. Halafu akaongeza jambo moja: wale wa bwawa la chini hata wakipona wasiuzwe wala kuliwa mpaka dawa iishe mwilini mwao, na yeye ndiye atakayewaambia lini. Akachukua uchafu wa matumboni katika vichupa, akaufukia kwenye barafu, akaondoka nao.

Jioni ile Wahida alikuja jikoni kwa Hafidha bila kubisha hodi.

"Nilikosea, wifi. Niliona wanakufa nikachanganyikiwa."

"Na mimi nilikucheka," Hafidha akasema. "Kaa. Nishikie sufuria hili."

Walianza kuchemsha soya siku hiyohiyo, katika lile sufuria la harusi. Waliichemsha ikalainika, wakaianika, ndipo ikaenda mashineni. Kwa maelekezo ya Zeyana wakawaacha samaki na njaa kidogo, kisha wakaanza na pumba na mashudu waliyoyazoea pamoja na dagaa wachache waliopatikana, wakiongeza soya kidogo kidogo. Pumba nazo wakazilowanisha na kuzifunika kwenye ndoo hadi zichachuke kama togwa, maana Zeyana alisema uchachu huo huwapa nguvu bakteria wazuri. Kijiji kikapata la kusema. Wapita njia waliuliza kama perege wa Bi Hafidha wanapendelea bizari. Hafidha akawajibu kuwa hata nazi wataletewa, wasubiri.

Bwawa la juu likarudi taratibu. Zile nyuzi nyeupe zikatoweka, na ikafika asubuhi Wahida akaja mbio kutoka bondeni kusema kwamba maji yanachemka. Samaki wanagombania chakula. Bwawa la chini halikurudi. Walipona wachache, na waliobaki walidumaa. Zeyana alipotoa ruhusa, Hafidha na Wahida waliwavua wakawala wenyewe, bila kumwita Najim.

Mavuno ya bwawa la juu yalikuwa madogo kuliko ya mwaka wowote tangu Shuaibu afariki. Najim akayachukua yote kwa safari moja. Hakuomba radhi, wala hakuna aliyeidai, ila alikagua kila samaki kabla ya kumtia kwenye barafu, jambo ambalo hakuwa akilifanya zamani.

Zeyana alirudi na majibu ya maabara baada ya mvua za vuli. Wakakaa kwenye mkeka, Wahida akaleta chai. Katika bwawa la juu, alisema, bakteria walikuwa wa aina nyingi tena, ila si walewale wa wakati wa dagaa. Kuna waliopotea kabisa na wengine wapya wameshika kazi, wale wanaoiweza soya.

"Na hao wapya ni wazuri?" Hafidha akauliza.

"Samaki wanakua. Kwa sasa hilo ndilo ninaloweza kusema."

Katika bwawa la chini aina zilizobakia zilikuwa chache mno. Bwawa lilikuwa limeshakaushwa na kupigwa jua, tayari kwa vifaranga wapya. Hafidha akataka kujua vifaranga hao watatoa wapi wadudu wao wa tumboni.

"Kwenye maji, kwenye tope na kwenye chakula cha mwanzo," Zeyana akasema. "Nina wazo. Kabla hamjawaweka, chukueni maji na tope kidogo kutoka bwawa la juu, myatie lile la chini. Sijui kama litasaidia. Nataka tujaribu tuone, nami nitakuja kupima."

Wahida akaweka kikombe chini, akaenda kutafuta ndoo.