Gunia la njugu za mbegu: nilivyolila lote nikijiambia niko kwenye diet

Wakuu, habari za mchana huu.

Nimesoma uzi wa yule mwenzetu anayetafuna ovyo kila akiwa na mawazo, nikaona leo nami nitoe yangu. Yote yalinipata mimi, na sitajipendelea.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nimemaliza chuo, niko nyumbani upande wa Kombewa nangoja barua ya kazi.

Barua za kijiji zilipitia sanduku la shule ya msingi. Kila Jumanne na Ijumaa nilienda kuuliza. Mwalimu mkuu alianza kutikisa kichwa kabla sijavuka geti.

Wakati huohuo nilikuwa nasikia kizunguzungu. Nikaenda hospitali moja mjini Kisumu, daktari akakuta sukari imeanza kupanda. Akauliza kuhusu wazazi. Nikamwambia baba alikatwa mguu kwa sababu ya sukari, na mwaka uliofuata tukamzika.

Akasema, "Wewe umewahi mapema. Ukishika chakula vizuri, labda hutahitaji dawa. Rudi baada ya miezi mitatu."

Miezi mitatu. Nilirudi nyumbani na hayo maneno kama mtu aliyepewa tarehe ya kesi.

Sukari, mkate, mandazi, soda, vya kukaangwa, vyote marufuku. Ruhusa ilikuwa ugali wa mtama kiasi, samaki wa kuchemsha, maharagwe, osuga na mboga nyingine za kienyeji. Na njugu, kiganja kimoja kwa siku.

Mama akabadilisha jiko lote kwa ajili yangu. Hata chai alianza kupika bila sukari, wageni wakawa wanakunywa kwa adabu tu.

Sasa mimi ni mtu wa kufikiria kitu mpaka kinachanika. Daktari alisema kiganja, lakini hakusema cha nani. Hakusema kama njugu mbichi ni sawa na za kuchemsha. Na kama njugu ni chakula kamili kutoka shambani, ziada kidogo itadhuru nini?

Mnaona nilikokuwa naelekea.

Stoo ya mama ilikuwa na gunia la njugu za mbegu, bado ziko kwenye maganda yake. Ijumaa moja nikatoka shuleni bila barua, nikapitia stoo. Kumenya kunatuliza, wakuu. Unavunja ganda, unasikia ule mlio, kwa dakika chache hufikirii kazi, hufikirii mguu wa baba.

Jumanne nikarudi. Baadaye sikungoja Jumanne wala Ijumaa.

Tatizo likawa maganda. Nikiyatupa jalalani mama atayaona. Nikiyachoma atasikia harufu. Nilifikiria sana, na ndipo degree yangu ikanifanyia kazi kwa mara ya kwanza: nikawa nayarudisha ndani ya gunia.

Gunia likabaki limejaa.

Mvua za masika zikaanza. Kwetu mke wa mwana hapandi mbegu kabla ya mama mkwe kupanda, na mama yangu alishika hilo kwa kila aina ya mbegu. Kwa hiyo mke wa kaka yangu, shemeji Akinyi, alikuwa amelima shamba lake, mbegu zake ziko tayari, anamngoja mama tu.

Asubuhi hiyo mama akaingia stoo kuchukua gunia. Akajiandaa kulinyanyua kwa nguvu, likaja juu kwa mkono mmoja. Karibu aanguke nalo.

Akalimwaga uani. Maganda matupu, upepo ukaanza kuyapeperusha.

Shemeji akachuchumaa, akaokota ganda moja. "Mama, huyu panya wako amesoma. Anamenya, anakula, halafu anarudisha vyombo."

Mama hakucheka. Alimwangalia shemeji kwa muda mrefu, kwa sababu ni shemeji aliyekuwa akiingia stoo kila siku kuchukua unga.

"Nyar Alego," akamwambia, maana shemeji ni binti wa Alego, "kama ulikuwa na njaa si ungeniambia?"

Shemeji akalirudisha lile ganda chini. Macho yakajaa maji.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilikuwa na hoja tatu tayari kichwani, zote nzuri. Nikaziacha.

"Mama, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Ni mimi nimekula. Zote."

Aliketi pale pale chini. "Mimi nakunywa chai chungu kwa sababu yako," akasema polepole. "Kumbe wewe unazimaliza mbegu zangu kisirisiri."

Aliyetuokoa ni shemeji. Alienda kwake akarudi na ungo wa mbegu zake mwenyewe, akampa mama apande kwanza, kisha naye akapanda zilizobaki. Hazikutosha shamba lake. Ile sehemu iliyobaki wazi niliipita kila siku nikienda kuuliza barua.

Nikajiwekea sheria moja tu, maana nikiweka mbili nitaanza kuzijadili: sitakula kitu nimesimama wala nimejificha. Kila ninachokula kiko kwenye sahani, mbele ya mtu. Na nikirudi shuleni bila barua, naenda moja kwa moja kupalilia kwa shemeji. Alinitesa vizuri. "Daktari wa magugu, umeacha moja hapo."

Niliteleza mara mbili. Zote nilisema mwenyewe jioni hiyohiyo.

Miezi mitatu ikaisha, nikarudi Kisumu. Sukari ilikuwa imeshuka. Daktari akasema niendelee bila dawa.

Barua nayo ilikuja baada ya mavuno. Wamesikitika, nafasi zimejaa. Nilifika nyumbani nayo mkononi nikamkuta mama anakokota gunia jipya la mbegu kuelekea kwenye simba, kile kibanda changu cha ujana. Akaliweka karibu na kitanda changu.

"Stoo inavuja," akasema. Stoo haikuwa inavuja.

Nilikaa na lile gunia mpaka masika. Siku ya kupanda mama alikuja, akalijaribu kwa mkono mmoja. Halikusogea. Akaniita tulishike pamoja.

Nilichojifunza: chakula kizuri hakikulindi kama unakikimbilia kuikwepa hofu yako. Sheria yangu bado ninayo, na bado nafikiria kupita kiasi.

Wewe ukiwa na mawazo unaingia stoo gani? Nimekaa hapa, nasoma.