Hukumu Iliyokaa Uchagani

Bi Rukaya wa Kang'ata hakuwa mtu wa kuchezea karatasi. Siku aliposhinda rufaa ya shamba aliyokatiwa na shemeji yake Mahakama Kuu kule Tanga, alirudi na nakala ya hukumu kifuani, akaanza kutafuta mahali salama nyumbani kwake. Sandukuni? Mchwa. Chini ya godoro? Panya. Akaiweka uchagani, juu ya meko, pamoja na mahindi ya mbegu, maana huko moshi hupita asubuhi na jioni na hakuna mdudu anayethubutu kusogea. Mama yake alihifadhi mbegu hivyo, na bibi yake pia. Ila hao hawakuwahi kuhifadhi karatasi, na hilo Bi Rukaya hakulifikiria.

Ikapita miaka mitatu. Mwaka huu, masika yakikaribia, shemeji yake Semboja, yuleyule aliyeshindwa, akaanza kutangaza kijijini kwamba kesi ile alishinda yeye. Uso mkavu huo! Jumamosi, alisema, anaingiza trekta kwenye shamba la marehemu kaka yake, Sadala, mume wa Bi Rukaya. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Adamu, alikuwa mpya kwenye kiti na kesi hakuijua.

"Mama, niletee karatasi ya mahakama," alimwambia Bi Rukaya, "nami nitamzuia."

Bi Rukaya akapanda juu ya kigoda, akaishusha. Ilikuwa nyeusi tii, imekakamaa, haisomeki hata neno moja. Shamba lile ndilo lililomlisha yeye na wajukuu, na Sadala mwenyewe amelala humo.

Alhamisi alidamka, akaifunga ndani ya khanga, akapanda gari hadi Segera ili aunganishe basi la kwenda Tanga, akaombe nakala nyingine. Pale Segera akaona duka la kutoa kopi, akapata wazo ambalo mpaka leo analicheka mwenyewe.

"Shikamoo bibi," alisema mwenye duka, dada mmoja aitwaye Salome.

"Marahaba mwanangu. Nitolee kopi ya hii, ila itoke nyeupe."

Salome aliipokea, akainusa. "Bibi, mashine hii itaitoa na masizi yake hivihivi. Kwani ni nini?"

Bi Rukaya akaketi kwenye benchi, akaeleza yote, machozi yakimlengalenga. Salome akavuta kompyuta. Hukumu za Mahakama Kuu siku hizi zinawekwa mtandaoni, alisema, na kila mtu anaruhusiwa kuzisoma. Namba ya kesi anaikumbuka? Hapana. Basi akaandika majina ya bibi na ya shemeji yake, na mwaka wa kesi. Kurasa zikafunguka. "Mjibu rufaa ndiye wewe, bibi," alisema Salome, akasoma:

"Mjibu rufaa alieleza kwamba mikorosho ya mpakani aliipanda yeye na mumewe, mwaka aliojifungua mtoto wao wa kwanza. Mahakama inamwamini."

"Rudia hapo."

"Mahakama inamwamini. Rufaa imetupiliwa mbali."

Siku ile mbele ya jaji alitetemeka mno, akatoka akidhani ameshinda kwa bahati tu na hakuna aliyemsikia. Kumbe waliandika mpaka mikorosho! Bi Rukaya alilia palepale, kilio cha mtu aliyetua mzigo, na wala hakujali abiria waliokuwa wakimtazama.

Salome akachapa nakala, akampa, nyuma yake ameandika jinsi ya kuipata mtandaoni. "Hii ukiipandisha tena uchagani shauri yako," alimtania. "Ile iliyomo mtandaoni moshi hauifikii."

Ijumaa, baada ya swala, Mzee Adamu aliisoma ofisini kwake, Bi Rukaya na Semboja wakiwepo. Semboja akacheka kwa dharau: hayo makaratasi yanachapwa Segera, nani asiyejua? Mzee Adamu hakubishana. Akatoa simu, akafuata maelezo ya Salome nyuma ya nakala, akamkabidhi Semboja simu.

Semboja alisoma mpaka mwisho.

"Hii inaonwa na kila mtu?"

"Kila mtu," alijibu Mzee Adamu. "Hata wanao walioko Dar."

Akavaa kofia yake, akaondoka bila kuaga. Trekta halikuja Jumamosi, wala siku nyingine.

Mvua ya kwanza iliponyesha, Bi Rukaya aliwasha moto kwa ile karatasi nyeusi, akachemsha chai. Kisha akashusha mbegu kutoka uchagani. Hakukuwa na punje hata moja iliyotobolewa. Akajitwika, akaenda shambani kupanda, kuanzia kwenye mikorosho.