Bibi Hakuwa Anaomba Kazi

Nakumbuka siku tuliyokuwa tukijiandaa kumzika Bibi kule Vuga, mdogo wangu. Nilikuwa na wivu hata machozi yalikataa kutoka.

Nilimwonea wivu Neema, binamu yetu. Tulimaliza chuo mwaka mmoja, na sote hatukuwa na kazi. Yeye alipewa kuandika tangazo la msiba la kutumwa kwenye simu. Mistari michache tu: nani amefariki, tunazika lini, gari linaondokea wapi. Ndugu walifika, hata wanaochuma chai Bulwa, na kila aliyeshuka garini alimsifu. Nikajiuliza, kwani tangazo nalo ni kitu cha kusifiwa? Nikajiuliza tena na tena, unanijua.

Mimi nilipewa wasifu wa marehemu, wa kusomwa kanisani. Nikasema moyoni, hapa ndipo watajua msomi ni nani. Lakini wasifu niliouzoea mimi ulikuwa ule wa kuombea kazi, na mkono ukaenda ulikozoea.

Jioni Baba Mkubwa aliniita niwasomee wazee kwanza. Nikawaamkia, nikasimama, nikasoma: "Marehemu alikuwa mdau wa kilimo cha bustani, mwenye uzoefu mkubwa katika usimamizi wa kaya na uwezo wa kufanya kazi katika mazingira magumu bila kusimamiwa."

Shangazi akauliza, "Kwani mama alikuwa anaomba kazi wapi?"

Wakacheka, watu waliokuwa wakilia tangu asubuhi. Neema alificha uso kwenye kanga. Baba Mkubwa peke yake hakucheka.

"Huyo uliyemwandika simjui," alisema taratibu. "Kesho kanisani watakuja watu waliokula kwake, nao hawatamjua. Tutakuwa tumemzika mtu mwingine. Neema, andika wewe."

Nilitoka nje nimefura. Neema akanifuata.

"Kaka, usinune bwana."

"Niambie basi, wewe unafanyaje?"

"Sifanyi kitu. Nilipoandika lile tangazo nilimwona Mama Mdogo wa Bulwa, kapu mgongoni, anachungulia simu haraka msimamizi asimwone. Nikamwandikia yeye. Wewe ulikuwa unamwandikia nani?"

Nilikuwa nimemwandikia yeye, Neema. Kila neno kubwa nililiweka ili limuume.

Kesho yake wasifu alioandika Neema ulisomwa. Ulisema Bibi hakumruhusu mtoto apite uani kwake bila kumpa peasi, wala bila kumgombeza kwa kusahau shikamoo. Kanisa zima likacheka, kisha likalia. Nililia nami, huku nikitafuta kosa katika kila sentensi. Sikuliona.

Nakuambia haya kwa sababu umeanza kuandika, na wewe pia unapenda kushinda. Wivu utakuja, sijui dawa yake. Ila usiupe kalamu. Kabla hujaandika, jiulize nani atasoma na anataka kufanya nini akishasoma. Mwajiri anataka kujua unaweza nini. Aliye safarini anataka kujua apande gari lipi. Mfiwa anataka kumwona mtu wake mara moja tena. Mpe kila mmoja chake, kwa maneno anayoyatumia mwenyewe.

Mungu akujalie wasomaji wanaokuelewa, mdogo wangu, na siku ukifika wakati wako, akupe mwandishi anayekujua.