Mti wa Mama Nyuma ya Jiko

Mama hakunipa mche. Alinipa tawi lisilozidi urefu wa kiganja, limefungwa kwenye kitambaa kilicholowa, pamoja na masharti mawili: lisipigwe na baridi, na siku nikiona limetoa chipukizi la kijani kitupu, nilikate. Nyumba ya Tanga ilikuwa imeshauzwa. Yeye alikuwa anahamia kwa dada yangu, ghorofa ya tatu, mahali ambapo hata beseni la kufulia halina pa kukaa. Mnunuzi alikuwa ameung'oa ule mti mkubwa wa mlangoni ili apate pa kuegesha gari. Kwa hiyo tawi nililolipakata kwenye basi ndilo pekee lililobaki.

Ni mti wa urembo wa kawaida wa pwani, wenye majani ya mviringo, kijani katikati na kingo nyeupe, kama yamechovywa kwenye tui. Hautoi ua la maana wala hauzai tunda. Kazi yake ni kuwa na majani mwaka mzima. Mama aliupanda mwaka alioolewa, na sisi watoto wake wote tulichapwa kwa kosa la kuyachuma.

Tatizo lilikuwa mahali nilipoupeleka. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi juu kabisa ya milima ya Uluguru, mwendo mrefu wa kupanda kutoka Mlali. Mke wangu ni wa huko. Kipupwe kikiingia, ukungu hukaa mpaka saa nne asubuhi, na kabichi zinafurahi kuliko watu. Nikaliotesha tawi kwenye ndoo ya rangi niliyoitoboa chini. Asubuhi naitoa juani, jioni nairudisha jikoni karibu na mafiga. Mke wangu alikuwa akisema nimeoa mke wa pili, na huyu wa pili habebi hata maji. Nilicheka, lakini sikuacha. Miaka mitatu ikapita hivyo, mti ukanifika kiunoni.

Juni mwaka jana mama akapiga simu. "Nakuja Agosti," akasema. "Nije niuone mti wangu." Hakusema anakuja kuniona mimi.

Wiki hiyohiyo ndoo ikapasuka. Niliteleza mlangoni nikiwa nimeibeba, udongo ukamwagika, mizizi ikabaki nje, na kijiji kizima hakikuwa na ndoo nyingine ya ukubwa ule. Mke wangu alikuwa mjini Morogoro akimuuguza dada yake aliyejifungua kwa upasuaji. Nikaamua mwenyewe. Nyuma ya jiko kuna ukuta unaopata joto la moto kutwa. Nikachimba shimo pale, nikatia mbolea ya mbuzi, nikaupanda. Nilijiona nina akili kuliko wanakijiji wote.

Sasa niseme jambo nililolijua nikalipuuza. Kwa Waluguru ardhi hupita upande wa mama. Kiwanja tunachokaa ni cha ukoo wa mke wangu, na msimamizi wake ni mjomba wake. Siku alipotukabidhi alisema maneno machache: nyumba jengeni, kabichi pandeni, karoti na maharage pandeni, ila wewe mwalimu usipande mti. Mboga huvunwa zikaisha. Mti hubaki, na aliyepanda mti kwenye ardhi ya watu, kesho atasema na ardhi ni yake. Mimi nilidhani mti maana yake mparachichi, mkahawa, mti wa mbao. Kwetu pwani ua la urembo ni ua tu, si mti.

Mjomba alikuja siku ya nne, Jumapili, akitokea kanisani. Nilimkuta ameshafika nyuma ya jiko, kofia mkononi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwalimu. Hiki nini?"

"Ua tu, mjomba. La mama yangu."

"Linaishi muda gani?"

Hapo ndipo ulimi ulipoponza kichwa. Badala ya kujibu kwa kifupi nikaanza kujigamba. Nikamwambia halipukutishi majani, halijui kufa, la mama lilikaa mlangoni miaka arobaini na shina lake likawa nene kama mkono wangu. Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Basi ni mti," akasema.

Hasira zangu ziko karibu, hilo silifichi. Nikamuuliza ni nani aliyewahi kudai kiwanja kwa pambo la mlangoni.

"Mkwe wetu mmoja alianza na mche mmoja wa mkahawa," akajibu. "Mpaka leo tunaitana kwenye baraza la ardhi. Ung'oe, mwalimu. Usipoung'oa nitawaita wazee, na wakikaa hawatazungumza habari za mti. Watazungumza habari za kiwanja."

Alipoondoka nilibaki nimesimama palepale. Kuung'oa katikati ya kipupwe, siku nne tu baada ya kuuhamisha, ni kuuua, na mama alikuwa anakuja Agosti kuuona. Kutoung'oa ni kuwaweka mke wangu na watoto mahali pabaya kwenye ardhi yao wenyewe. Nikampigia simu mke wangu nikitegemea kuhurumiwa.

Akaniuliza, "Umeupanda kwa mkono wako?"

"Ndiyo."

"Na mimi sipo?"

"Ndiyo."

"Ungenisubiri, mume wangu. Ningeupanda mimi, na mjomba angekuja kuumwagilia."

Yeye ni binti wa ukoo. Anachopanda yeye ni cha ukoo, hata kikiishi miaka mia. Nimekaa nao miaka yote hiyo, nimekula ugali wao na nimezika nao, na jambo dogo hilo sikuwahi kulitia akilini.

Alirudi keshokutwa yake na hakupita nyumbani. Alikwenda kwanza kwa mjomba, na waliporudi pamoja shauri lilikuwa limekwisha. Niung'oe kwa mkono wangu mbele yao, kisha mke wangu aupande.

"Apande wapi?" nikauliza.

"Palepale," akasema mjomba.

"Shimo lilelile?"

"Shimo lilelile, mwalimu."

Nilitaka kusema neno, mke wangu akanitazama, nikalimeza. Nikapiga magoti nikachimba kwa vidole ili jembe lisikate kitu, lakini mizizi mipya ilikuwa imeshashika na niliisikia ikikatika mmoja mmoja. Mke wangu akaupokea, akaufukia, akaukandamiza kwa nyayo. Mjomba akatupia udongo wa kiganja kimoja, akaomba chai. Alikunywa vikombe viwili na alikuwa na furaha ya kweli. Nilimchukia siku ile, na najua hakustahili.

Majani yakaanza kuanguka siku ya tatu. Hayakunyauka kwanza. Yaliachia tu, yakiwa bado mabichi, na kila asubuhi niliyakuta chini na kingo zake nyeupe. Siku ya kumi kilibaki kijiti. Mama alipopiga simu kuuliza, nikasema unaendelea vizuri.

Wiki ya mwisho ya Julai likatokea chipukizi moja. Nilifurahi hadi nilipoinama kulitazama. Lilikuwa la kijani kitupu. Mti wa namna ile ukiumia huweza kurudi kwenye kijani, na kijani kina nguvu zaidi. Ukikiacha kinatawala mti wote, na weupe haurudi tena. Nilijua sharti la mama. Kila asubuhi nilikwenda na kisu, na kila asubuhi nilirudi nacho, kwa sababu lile chipukizi ndilo kitu pekee chenye uhai nilichokiona pale.

Agosti nikampokea mama stendi ya Msamvu, Morogoro. Njia nzima ya kupanda mlima alizungumzia mti, na mimi mtu mzima, mwalimu wa watoto wa watu, nikashindwa kusema kweli. Tulipofika hakuketi wala hakunywa maji. Akazunguka nyuma ya jiko.

Alikitazama kijiti kwa muda. Nilisubiri matusi, na ningeyapokea kwa shukrani.

"Nani kaupanda hapa?" akauliza.

Nikafungua kinywa, mke wangu akaniwahi. "Mimi, mama."

Mama akainama, akakwaruza gome kwa ukucha chini ya lile chipukizi. Ndani palikuwa na unyevu. Akanyoosha mkono nimpe kisu, nikampa. Yeye akakipitisha mbele yangu, akampa mke wangu.

"Basi kata wewe. Mwenye mti ndiye anayekata."

"Mama, hilo ndilo pekee lililo hai," nikasema.

 Mke wangu akashika chipukizi kwa vidole viwili, akalikata karibu kabisa na shina.  Kisha akanirudishia kisu.

Mama alikaa siku kumi na mbili. Kila asubuhi alijifunga kanga mbili kwa baridi, akaenda kukitazama kijiti, akarudi jikoni kuota moto. Wakati mwingine mjomba alikuja wakasimama wote wawili, wanasalimiana, wanaulizana habari za mavuno. Hakikutoka kitu. Nilipomrudisha Msamvu alikuwa amechoka kuliko alivyokuja. Akiwa ameshaweka mguu kwenye ngazi ya basi akageuka. "Mti ukifa, usinifiche," akasema.

Niliacha kwenda nyuma ya jiko. Sikuwa na moyo.

Asubuhi moja ya Septemba nilikuwa jikoni nakunywa chai kabla ya kwenda shule. Nikamsikia mke wangu upande wa pili wa ukuta akizungumza kwa simu, kwa sauti kubwa kama watu wanavyozungumza na wazee.

"Majani mawili, mama. Chini ya pale nilipokata. Ndiyo, kingo nyeupe, nimeyageuza nikayaangalia vizuri. Hapana, bado sijamwambia."

Wakaanza kucheka, yeye na mama yangu. Machozi yakanitoka, nikayafuta kwa mkono wa shati. Nilitamani kukimbia nikaone, lakini haukuwa mti wangu. Nikakaa pale karibu na mafiga na kikombe changu, nikisubiri aingie aniambie.